Makaa ya Mama Feza ndani ya Kalavani

Mmeniuliza kisimani, mmeniuliza kwenye ngazi za kanisa, na juzi mama mmoja aliniuliza katikati ya rozari, akijifanya anakohoa. Basi naandika mara moja tu. Karatasi hizi mpeane mkono kwa mkono, na mwenye macho mabaya asomewe na wanawe. Mambo ya mahari na vyeti vya padri sitayataja, yalikwisha na hayana utamu. Nitawaeleza njia, na nitaieleza mimi mwenyewe, kwa sababu nimesikia tayari kuna watu hapa kilimani wanaoisimulia vizuri kuliko mimi niliyekuwamo!

Kutoka kilimani

Feza mnamjua, ni mtoto wa kaka yangu. Mama yake, Mama Feza, tulimzika msimu wa mvua uliopita. Na desturi ya ukoo wetu mnaijua pia, ila naiandika kwa ajili ya wakwe wenu watakaosoma. Binti akiolewa, shangazi yake anachukua makaa ya moto kutoka kwenye mafiga ya mama wa binti, anayabeba yakiwa hai mpaka nyumba mpya, na bugali ya kwanza inapikwa kwa moto huo. Akifika na moto wake, tangu siku ile ni mama mwenye nyumba. Akifika mikono mitupu, anawashiwa na mama mkwe, na ataishi kwa moto wa kuazima. Hata chumvi ikizidi kidogo ataambiwa, "Moto si wako, utajuaje kupika?"

Moto wa Mama Feza aliuleta hapa siku yake mwenyewe ya kuolewa, kutoka kwa mama yake. Alipofariki, Feza aliulinda: anaufunika jivu jioni, anaufukua asubuhi. Kaka yangu naye alikwisha kuhamia kwa mtoto wake mkubwa, hakutaka tena kulala nyumba ile. Maana yake, Feza akiondoka, mafiga yale yanabaki baridi. Hakuna pa kurudi kuchukua moto mwingine. Ukizimika njiani, umezimika, na pamoja nao kitu cha mwisho cha mama yake.

Wasichana wetu wengi wanaolewa kilima cha pili. Shangazi anatembea, anafika, jasho halijakauka. Lakini Feza, sijui alimpata wapi, alimpata Deo wa Walikale, mbali kule msituni. Walikale! Nikasema sawa, miguu ninayo, kichwa ninacho, na moto haujawahi kunizimikia mkononi. Ndipo tukasikia kwamba Papa Kalinda anashuka huko na kalavani.

Papa Kalinda ni mtu mfupi, shati limefungwa mpaka kooni, na anaipenda kalavani ile kuliko watu wengine wanavyopenda ng'ombe zao. Ni nyumba ndogo ya mbao na bati, ina magurudumu, inavutwa nyuma ya gari. Ilikuwa ya mzungu mmoja wa mashamba ambaye baada ya uhuru aliondoka. Wazungu wa madini wa Walikale wakainunua, na Papa Kalinda, aliyekuwa dereva wa yule wa kwanza, akapewa kazi ya kuivuta kwa jipu. Alikubali kutubeba, mimi nimpikie njiani. Nikamuuliza nitapikia wapi, akacheka kwa furaha, akafungua kabati, akatoa resho ya umeme.

Ngoja niwaeleze. Ni kisanduku cha bati jeupe, kina mshikio wa kubebea. Juu kina viduara viwili vya udongo mgumu, na ndani ya kila kiduara waya umejikunja-kunja. Nyuma ya jipu kuna mashine inayokunywa esansi, mafuta ya gari, yeye anaiita grupe. Grupe ikilia, waya wa resho unakuwa mwekundu, na unaweka sufuria. Hakuna kuni wala moshi.

"Na makaa yangu nitayaweka wapi?" nikamuuliza.

"Makaa gani, mama?"

Nikamwonyesha chungu cha makaa na jivu ambacho kaka yangu alikuwa amekishika. Uso wake ukabadilika.

"Mama Josefina, ndani ya kalavani moto haiingie. Iko mapazia, iko matela ya kulalia, iko mbao ya rangi. Ikiungua, mi njo nitafungwa."

"Basi niweke kwenye jipu."

"Kwenye jipu iko esansi! Unataka turuke sawa ndege?"

"Na hii resho yako, inapika na nini? Na maombi?"

"Inapika na umeme. Umeme haina moto."

"Kitu chenye kuiva bila moto, mi sikule."

"Utakula," akasema. "Utakula na utaomba ingine."

Tulibishana mpaka watu wakaanza kukusanyika. Mwisho wake tukapatana hivi: chungu kitafungwa kwenye chuma cha nyuma, nje ya kalavani, chini ya ukingo wa paa, na mfuko wa makaa makavu pembeni yake. Feza atakaa kwenye mlango wa nyuma akikitazama. Kaka yangu ndiye aliyekileta chungu mikononi mwangu.

"Ikizimika," akaniambia, "usiniambie."

Akageuka akaenda shambani kwake. Feza alimtazama mpaka akapotea kwenye migomba, nasi tukaondoka.

Masisi mpaka Nyabiondo

Njia ya kushuka kutoka kwetu Masisi mnaijua: upande mmoja kilima, upande mwingine shimo. Kalavani ilikuwa inacheza-cheza nyuma ya jipu, na Feza mlangoni ameshika chuma kwa mkono mmoja na kifuniko cha chungu kwa mwingine. Mimi nilikaa mbele, nikisali kwa sauti ili Papa Kalinda asikie. Kila kona nilikuwa napiga kelele, "Feza! Iko unawaka?" naye anajibu, "Unawaka, shangazi!" Papa Kalinda akasema masikio yake yatakufa kabla ya moto wangu.

Nyabiondo jipu ikachemka, maji yakatoka kwa mvuke. Tukasimama kandokando ya soko ili ipoe. Nikasema bon, tupike. Papa Kalinda akaiamsha grupe. Mama yangu! Kelele yake ilifukuza kuku wa watu wote. Akaiweka resho juu ya meza ndogo ya kalavani, ile inayokunjwa ukutani, akajifuta mikono kama padri, akaniambia, "Karibu jikoni."

Nikaweka sufuria ya maji. Nikangoja. Nikauliza kama resho inalala. Akaniambia nisiitukane. Kweli, wakati nilipoacha kuitazama, maji yakachemka, na kwa haki nasema yalichemka vizuri, hata chini ya sufuria hapakuwa na alama nyeusi. Nikatia unga, nikashika mwiko, nikaanza kusonga.

Hapo ndipo taabu ilipoanza. Nyinyi wanawake mnajua bugali ya muhogo si uji wa mgonjwa, inataka mgongo. Kila nikizungusha mwiko, meza inakwenda nao. Mara resho inateleza huku, mara kule, na kalavani nzima inatikisika kwenye magurudumu yake. Nikasema, ni rahisi. Nikaishusha resho yote sakafuni na sufuria juu yake, nikakaa kwenye kigoda, nikakaza sufuria kwa nyayo zangu mbili pamoja na matambara, kama tunavyofanya sote tangu tuzaliwe, nikainua mwiko.

"TOA MIGUU!" Papa Kalinda alipiga kelele kupita grupe. "Toa miguu! Umeme itakukamata!"

Akaruka nje, akazima. Nilipomuuliza umeme unakamata vipi, akanionyesha: akakaza mwili, akatoa macho, akatetemeka kama mtu wa kifafa. Feza, ambaye hakuwa amecheka tangu mazishi, akacheka mpaka akakaa chini. Nikajua basi safari hii ina baraka, hata kama bugali yetu imebaki nusu uji.

Na tulipogeuka kutazama nje, wanawake walikuwa wamepanga mstari. Mstari mrefu! Kila mmoja na beseni la muhogo mkavu kichwani. Wa kwanza, mama mnene mwenye kitambaa cha kijani, akatua beseni mlangoni kwetu.

"Papa, mi nilifika wa kwanza," akasema.

"Kwa nini, mama?"

"Kwa kusaga. Tulisikia mashine."

Zamani, kumbe, mzungu mmoja alikuwa na mashine ya kusaga karibu na hapo, akaondoka nayo, na tangu hapo wanatwanga kwa mikono. Waliposikia mlio ule ule, kila mtu alikimbia nyumbani kuchukua muhogo wake. Papa Kalinda akawaeleza kwamba hii haisagi.

"Haisagi? Inalia hivi, inafanya nini basi?"

"Inapika maji."

Yule mama akatazama grupe, akatazama waya, akatazama resho, akaitazama sufuria yetu moja ya uji mzito.

"Kelele hii yote," akasema, "juu ya sufuria moja?"

Nilicheka, wote wakacheka, mstari mzima ukawa ni kicheko tu. Papa Kalinda peke yake hakucheka. Mama wa kitambaa cha kijani akanishika mkono, tukabeba sufuria mpaka kwake, kwenye mafiga matatu ya kweli, nikasonga bugali kama mtu aliyefunguliwa gerezani. Alitupa sombe, majani ya muhogo, yenye karanga na maharagwe yaliyolala. Papa Kalinda alikula kwa hasira, akajiongezea, akaongeza tena, kisha akasema resho ni ya nyama na mayai, si ya bugali. Nikamwambia tunakubaliana.

Feza alikuwa amekula amesimama kwenye chungu. Mwenyeji wetu akamuuliza anachungulia nini mle. Alipoambiwa, aliingia ndani akatoka na makaa ya mti mgumu, yale yanayokaa siku nzima, akayatia kwenye mfuko wetu kwa mkono wake. Sikumwuliza jina, na hilo linanisumbua.

Nyabiondo mpaka Kashebere

Huko baridi inakuacha. Nguo nilizovaa Masisi nilianza kuzivua moja moja, na miti ikawa mirefu, na mashamba ya maharagwe yakawa machache. Barabara ilikuwa imekatika mahali pengi, watu wa pale wanaweka magogo ya kuvukia na kungoja uwaombe njia. Tulivuka polepole sana. Papa Kalinda anashuka, anapima tope kwa fimbo, anarudi, anaomba radhi kwa kalavani, ndipo anapita.

Kashebere tulipokelewa kama maaskofu. Sikuelewa kwa nini. Wanaume waliacha mchezo wao wa kete, wasichana wakaja wanaimba, na bibi mmoja akaingia ndani ya kalavani bila hodi, akabonyeza matela, akafungua kabati, akanusa pazia. Akatoka, akatangaza, "Iko na kitanda na jiko. Kila kitu iko mule."

Kumbe habari zilikuwa zimetutangulia: bibi-arusi wa Masisi anapita, anakwenda kwa mume na nyumba yake nyuma ya gari! Basi wanaume wakaanza mjadala mkali.

"Huyu mwanaume wa Walikale iko na bahati. Hajengi."

"Bahati gani? Siku wakigombana, bibi anafunga tu kamba, anavuta nyumba yake, anarudi kwa baba yake. Wewe unabaki unalala na mvua."

"Na utamufukuza vipi? Utasema 'toka kwa nyumba yangu,' nyumba iko yake!"

"Batu ba Masisi iko na akili," mzee mmoja akasema, na kwa hilo nilimpenda.

Wakamgeukia Feza, wakamtania: Siku gani utavuta? Utamwachia hata dirisha? Feza ni mpole, mnamjua, nikadhani ataficha uso. Lakini alisimama mlangoni, mkono juu ya chungu, akawajibu kwa sauti ya kawaida.

"Hii si yangu, iko ya bazungu. Nyumba yangu iko ndani ya chungu."

Akafunua kifuniko kidogo, wakaona wekundu chini ya jivu. Yule bibi aliyenusa mapazia akapiga ishara ya msalaba. Kisha wakatuletea ndizi zilizopondwa na mafuta ya mawese, na samaki mdogo wa mtoni aliyekaushwa kwa moshi, na Papa Kalinda akapata nafasi yake. Akawasha grupe, akawakaangia mayai kwenye resho mbele ya kijiji kizima, yai moja moja, kama anabatiza. Walishangilia kila yai. Mimi nilikula mawili. Yalikuwa mazuri, nasema ukweli wangu, na niliomba la tatu, naye akanitazama, akalivunja.

Kashebere mpaka kwenye mtaro

Sasa fikeni hapa polepole, kwa sababu hapa niliogopa, na mimi siogopi ovyo.

Mvua ilitukuta msituni. Haikuwa mvua yetu ya milimani inayokuja na kuondoka, ilikuwa mvua ya kukaa. Tope likawa jekundu na laini. Kwenye mteremko mmoja kabla ya kijito, jipu ikapita, kalavani ikakataa. Ilikwenda upande, polepole kabisa, ikaingia mtaroni, na sehemu ya nyuma ikajigonga kwenye ukingo wa udongo. Nilisikia mlio wa kitu kidogo kupasuka. Halafu nilisikia Feza.

Hakuita jina langu. Aliita "Mama!"

Nilifika nikiwa na tope mpaka magotini. Chungu kilikuwa kimevunjika katikati. Makaa yamemwagika kwenye maji ya mtaro, yanafanya *chsss*, moja baada ya jingine, na Feza anayakamata kwa mikono na yanazimikia mkononi mwake. Mfuko wa makaa makavu umeloa chepechepe. Nikaona kipande kimoja, kimekwama kwenye kigae kilichobaki kwenye kamba. Kilikuwa kidogo kama haragwe. Chekundu bado. Nikakinyakua kwa vidole, sikufikiri, nikakitia kwenye kigae na jivu kidogo, nikaingia navyo ndani ya kalavani, mwenye kalavani apende asipende.

Mtu mmoja wa baiskeli alikuwa anapita na nailoni kichwani. Alisimama, akatazama, akasema "Poleni," akaenda zake. Mkumbukeni huyo.

Papa Kalinda akaja mlangoni, maji yanamtiririka kwenye pua. Nilingoja aniambie nitoke na moto. Badala yake alitoa kiberiti mfukoni.

"Mama, iko kiberiti hapa. Tuwashe ingine. Nani atajua?"

"Feza atajua," nikamwambia.

Feza alikuwa amekaa sakafuni, anapuliza kile kiharagwe polepole, analia na anapuliza, anageuza uso ili chozi lisiangukie. Papa Kalinda akamtazama. Nilimwona akitazama mapazia yake, na matela, na mbao ya rangi. Kisha akafungua kabati na kutoa resho.

"Leteni ile makaa yenye ililoa," akasema. "Resho itaikausha. Ngojeni mi niamushe grupe."

Grupe haikutaka. Ilikuwa imeloa. Alivua koti lake, akaifunika, akavuta kamba, akavuta, akaitukana kwa Kiswahili na Kifaransa na kwa lugha ya mama yake, na mimi nyuma nasali kwa zote tatu. Ikaamka! Kelele ile iliyonichosha Nyabiondo, siku hiyo niliisikia kama kengele ya Pasaka. Waya ukaanza kuwa mwekundu. Tukapanga vipande vya makaa juu yake, vilivyoloa, vikatoa mvuke, vikakauka, na Feza akaweka kile kidogo katikati yao, kwa kijiko.

Papa Kalinda akasema tusiguse bati. Tukakaa watatu magoti kwa magoti tunatazama. Moshi ukajaa, mapazia yakaanza kunuka, meza ikaungua duara moja jeusi, na Papa Kalinda akaendelea kutazama makaa tu. Makaa yakashika, la kwanza pembeni, halafu la katikati, halafu yote.

Sasa mnataka kuniuliza, kwa sababu wote wameniuliza: nani aliwasha nani? Kile kipande cha Mama Feza kiliwasha yale mengine, ao waya wa resho uliyawasha yote, na kipande chetu kilikuwa kimekwisha kufa katikati yao? Mimi nilikuwa na pua yangu karibu kabisa, na sijui. Feza hajui. Papa Kalinda anasema ni resho, lakini yeye angesema hivyo hata kuhusu jua kuchomoza.

Tulitia moto ule kwenye sufuria ya wazungu pamoja na jivu, na sufuria ikasafiri ndani, juu ya meza iliyokwisha kuungua. "Imekwisha kuungua, itaungua nini tena?" akasema Papa Kalinda. Watu wa kijiji cha mbele walikuja na kamba kututoa mtaroni. Feza alinishika mkono akaniuliza kama huu bado ni moto wa mama yake. Nikamjibu haraka kwamba ndiyo. Nilijibu kwa sauti kubwa kuliko nilivyokuwa na hakika.

Walikale

Wakwe walitungoja barabarani, upande wa mto Lowa, na ngoma na majani ya mitende. Tuliposhuka, ngoma ilikuwa baridi. Mama wa Deo alikuwa amesimama mbele ya nyumba mpya, na mkononi mwake ana kijinga cha moto kilichowashwa tayari. Nyuma yake nikamwona mtu wa baiskeli.

"Karibuni," mama wa Deo akasema. "Tulisikia moto yenu ilikufa. Poleni sana. Mi niko na yangu hapa, tusichelewe."

"Haikufa," nikasema.

"Ilikufa kwenye tope," akasema wa baiskeli. "Niliona na macho. Kisha nilisikia mashine inalia nyuma yangu, njo banawasha ingine na ile."

Watu wakanung'unika, "Moto ya mashine! Moto ya mashine!" Deo, maskini, anamtazama mama yake, anamtazama Feza, shingo inageuka tu. Nami nilikuwa na jibu zuri kabisa mdomoni, jibu la kumfunga yule mtu pamoja na baiskeli yake. Lakini bibi mmoja mdogo, amekaa kwenye mkeka kwenye kibaraza, akapiga mkeka kwa kiganja, na wote wakanyamaza. Alikuwa bibi wa Deo, mama wa baba yake. Wanamwita Koko.

"Weye shangazi, kuya hapa. Moto hii inatoka wapi?"

Ningeweza kusema "Masisi" na kukaa kimya. Feza alikuwa ananitazama. Nikasema yote: mtaro, chungu, kipande kimoja, waya, na kwamba sijui.

"Ile kaa ya mama yake, ilikuwa mule katikati?"

"Ilikuwa mule."

"Uliona?"

"Nilishika, Koko." Nikamwonyesha vidole. Malengelenge yalikuwa bado yamejaa. Akavishika vidole vyangu, akavigeuza kwenye mwanga, akavirudisha kwa upole. Halafu akanyoosha mkono kumwonyesha baba wa Deo, mtu mkubwa, tumbo mbele, kofia kichwani.

"Huyu, wakati nilimuzaa, maziwa ilikataa. Alinyonya kwa jirani mpaka alitembea. Ati, iko mutoto wa nani?"

Mtu mkubwa akavua kofia.

"Wako, mama," akasema.

"Njo vile. Hiyo resho ilinyonyesha tu. Mutoto iko wa mama yake." Akaugeukia umati. "Munangoja nini? Batu iko na njaa!"

Kelele ile siwezi kuiandika. Mama wa Deo alibaki na kijinga chake, hajui akipeleke wapi. Nilimwonea huruma, hakuwa mtu mbaya, alitaka tu mwana wake ale. Mwishowe akakizima kwenye mchanga, akaingia kwake, akatoka na mzigo wa kuni kavu, zile ambazo mtu hazitoi kwa mgeni wakati wa mvua. Akapiga magoti mbele ya mafiga mapya, karibu na Feza, nao wakapuliza pamoja. Mimi nilisonga bugali ya kwanza. Mafiga hayakutikisika.

Jioni walitaka kuiona "mama mwenye kunyonyesha." Papa Kalinda akaileta resho mwenyewe, ameibeba kifuani, akaiweka kwenye mkeka, akaiwasha kidogo kwa grupe, akaizima. Koko akaipapasa kiduara kimoja, akasema ina joto la homa. Kesho yake Papa Kalinda akaipeleka kalavani kwa wenyewe, akiwa ameweka kitambaa cha kushona juu ya duara jeusi la meza. Mpaka namwacha, hakuna aliyekiinua.

Kurudi

Nilirudi kwa lori la mawese mpaka Kashebere, halafu kwa miguu na kwa huruma za watu. Nyabiondo nilimtafuta mama wa kitambaa cha kijani, sikumkuta, alikuwa shambani. Nilimwachia ndizi kwa jirani yake.

Nilipopanda kilima, nilipitia kwanza nyumba ya Mama Feza. Niliweka mkono kwenye jivu. Baridi. Wanasema moto huzaa jivu, na wanasema hivyo wakitaka kutukana mtoto wa mtu. Huu umezaa moto, na jivu umetuachia sisi. Nililia kidogo, halafu nikajifuta, nikaenda kwa kaka yangu.

Alikuwa anatia mpini kwenye jembe. Aliniona, akaendelea kugonga. Hakuuliza, alikuwa amekwisha kuniambia nisimwambie kama umezimika.

"Unawaka," nikamwambia.

Akaacha kugonga. Nikaketi nikamweleza yote, na waya, na Koko, na kwamba sijui. Kisha akaniuliza kitu ambacho sikukitegemea.

"Huyu Papa Kalinda anakulaka maharagwe?"

"Anakula kila kitu, na anajiongezea."

Akaingia ghalani. Nilimsikia akichota, akichota. Akatoka na mfuko umejaa mpaka shingoni, yale mekundu makubwa ya Mama Feza, mbegu aliyoiacha yeye, ambayo tangu mazishi hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Akaufunga mwenyewe, akaniwekea miguuni.

"Akipita tena, umupe," akasema. "Umwambie si yake. Iko ya resho. Mwenye alinyonyesha mutoto wako, hauwezi kumuacha mikono mitupu."